Kwa Nini Nimekataa Ibada ya Shukrani Yako

Nsimire mtoto yangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Riziki, na vile kichwa yako iko kubwa kama ya papa yako, hautarudi mbele ya jioni. Basi niko na nafasi. Nimekaa hapa ku baraza, nimefunika mashini ya kushona, nakuandikia ku hii karatasi ya kukatia modeli juu njo karatasi yenye iko karibu. Ukiona mstari ya chaki inapita katikati ya maneno, ile ni bega ya robe, gauni ya mtu, usiijali.

Kiswahili yangu unaijua, ni ya Kadutu, kule Bukavu, haikuenda masomo. We umesoma ile ya vitabu. Usinisahihishe, soma tu.

Mambo ya sweta, ya pasipoti kukaa karibu na kifua, ya kutoongea na kila mtu ndani ya ndege, papa yako alishasema, akarudilia, na kesho asubuhi ataanza tena. Mi sina ya kuongeza. Baridi ya Irlandi, kule unaenda kusoma, utaisikia weye mwenyewe na utavaa, hauko mtoto mdogo. Mi nataka tuongee juu ya ile kitu yenye imefanya tukae hizi siku bila kusemeshana vizuri, we kule, mi huku, papa yako katikati anabeba maneno kama posta.

Niko na kasirani. Nasema mapema ili usiitafute kati ya mistari. Kidogo yake ni ya kwako, sitakudanganya. Lakini ile kubwa iko na wenyewe, na nataka uwajue mbele ya kupanda ndege.

Jumapili Pasta alisimama akasema kanisa itafanya aksyon de gras, ibada ya shukrani, juu ya safari yako: familia yote ipite mbele inacheza, kikwembe ya namna moja, mchele, kuku, korale inaimba nyuma. Bantu ba kanisa bakapiga vigelegele. Na mi nikasimama pale pale nikasema hapana. Mbele ya kanisa yote. Najua ulitamani udongo ipasuke uingie. Mama Riziki alinishika mkono akaniuliza, "Mama Nsimire, we iko na homa?" Sikuwa na homa. Kisha tukarudi nyumbani, ukaniomba kitu ya pili: niende ku biro ya bakubwa niombe ruhusa ya kutoka hapa kambini ya wakimbizi, nikusindikize mpaka ku uwanja ya ndege. Nikakataa na ile. Ukaniuliza, "Mama, unanifukuza ao unanililia? Nijue moja."  Nilikamata sufuria nikaanza kuisugua, na sufuria ilikuwa safi.

Basi jibu iko hapa, na ni refu.

Inaanza ku ile siku ya kicheko. Ulikuwa umesoma barua ya mwalimu wako wa kule, ule mwenye atakusimamia ku chuo kikuu. Ukaita papa yako, ukaniita na mi, ukasema umepata ka kazi ka kufanya pembeni ya masomo: kusaidia bantu benye banakusanya sheria za zamani ili zifutwe. Nikauliza sheria gani. Ukasema za hospitali na za shule, zenye zilishakufa zamani. Hospitali zingine majengo yake yamekuwa nyumba za kupangisha, zingine hata tofali haikubaki. Lakini sheria zake ziko bado ndani ya kitabu, hai kabisa, juu hakuna mtu alikumbuka kuzitoa. Njo sasa banazitafuta moja moja, banazipanga, banatangaza, na banauliza bantu bote: kuko mtu anatumia hii bado? Kuko mtu itamuumiza tukiitoa? Kama hakuna, bunge inakaa, inaifuta.

Papa yako akasema, "Kumbe kwa wenzetu hata sheria inafanyiwa maziko." Mkacheka. Na mi nilicheka kidogo.

Kisha ukatupa mfano. Shule moja ya yatima, ya zamani za wafalme, yenye iliandikiwa sheria kwamba mtoto haruhusiwe kupita ku geti bila karatasi ya mkubwa, na akipita, arudishwe. Ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Mama, waza! Mtoto anaomba karatasi ya kupita ku geti! Na ile sheria iko bado!"

Mi sikucheka.  Mtoto yangu, mwenye alifika hapa kambi ya Dzaleka ku mgongo yangu akiwa hajaota meno yote, ananisimulia geti kama hadisi ya bantu bengine. Saa ile unacheka, papa yako alikuwa na karatasi ya kupita ku geti ya kambi ndani ya mfuko ya shati, juu alikuwa ametoka kuninunulia uzi ku Mponela, kule nje. Ya kwako ya kwenda kuchukua viza ilikuwa juu ya meza, chini ya kikombe. Nikatoka nje. Mlifikiri nimechoka. Sikuchoka, nilitaka kuvunja kitu, na sisi hatuna vitu mingi ya kuvunja.

Nsimire, kule banafuta geti yenye haina ukuta tena. Banakaa na vitabu vyabo, na mishahara yabo, na bunge yabo, banaulizana kwa adabu kama kuko mtu ataumia. Na wafu bale hawajibu, basi inafutwa. Sisi tuko hai. Tuko hapa, tunapumua, tunapiga mstari ya kuteka maji kila asubuhi. Ni nani alisimama siku moja hapa mbele ya baraza yangu akaniuliza, Mama Nsimire, hii sheria inakuumiza? Ningemjibu mpaka jua izame. Ningemkalisha ku kiti, ningempa na chai.

Bantu banasema ile sheria yetu ya kutufungia kambini iliandikwa wakati ya vita ya Msumbiji, juu ya bantu benye balikimbilia huku. Bale balisharudi kwabo. Bamejenga, bamezaa, wajukuu zabo leo banauza samaki. Bale balienda, sheria ikabaki, ikatukuta sisi. Na hii mahali yenyewe ilikuwa gereza, kila mtu anaijua ile. Bafungwa balitolewa, sisi tukaingizwa, na mazoea ya geti hakuna mtu aliyafagia.

Sasa nikuambie juu ya papa yako, juu yeye mwenyewe hatakuambia. Leo unamuona anaziba tairi za vijana ba kabaza, bale banabeba abiria na baiskeli, mikono nyeusi na gundi, na unafikiri njo alizaliwa vile. Papa yako alikuwa infirmier, muuguzi, ku Bukavu. Bamama balikuwa banangojea zamu yake juu sindano yake haikuumiza. Tulipofika huku akasema, nchi yenye bagonjwa haiwezi kukosa kazi ya infirmier. Alikuwa na matumaini, maskini, alipiga pasi blouse nyeupe ya kazi akaitundika ku msumari. Bakamwambia mkimbizi haruhusiwe kuandikwa kazi nje ya kambi, sheria ni ile.

Una kumbukumbu ya ile malaria yako, tulipokuwa tumetoka kambini kwa siri, tunakaa Lilongwe? Ulikuwa moto kama pasi. Tulikuwa ku hospitali, ukumbi imejaa, bagonjwa chini, bagonjwa ku benchi, na dada moja tu, infirmier wa kule, anakimbia huku na huku. Papa yako akamfuata akamwambia kwa Kiingereza yake ya kuvunjika, "Mi ni infirmier, nikusaidie kitu gani?" Ule dada akamuangalia, macho mekundu ya kukosa usingizi, akamwambia pole sana, haiwezekani, mi nitafukuzwa. Hakuwa mbaya. Alitaka kusaidiwa kuliko sisi tulitaka kusaidia. Papa yako akarudi akakaa karibu yangu ku benchi, akaweka mikono yake chini ya matako yake, akaikalia. Mpaka asubuhi. Nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Nazishikilia, zisitoke zikafanya kazi." Ile blouse sikuiona tena. Sikumuuliza aliipeleka wapi.

Na wakati ule tulikuwa tunakaa Kauma, mtaa ya Lilongwe. Unaikumbuka ile chumba: mbele duka, nyuma kitanda, na joto ya pasi ya makaa ikiingia mpaka ndani ya shuka. Babibi ba maofisi ya City Centre balikuwa banakuja na magari yabo, banaleta suti za kupunguza kiuno, banasema fundi ule wa Kauma mkono yake safi. Tuliishi kwa kujifichaficha. Hakuna kibao, mashini nyuma ya pazia, na mtu akibisha mlango na hatumjui, naimba wimbo ya kanisa kwanza, ajue hapa ni nyumba ya bantu ba Mungu na si duka.

Siku moja redio ikasema mkubwa moja wa serikali alisimama ku mkutano akaahidi: ile sheria ya kuwafungia wakimbizi kambini itabadilishwa. Aliahidi tu. Lakini sisi unatujua, sisi tuko bantu ba kushukuru mbele. Njo vile tulifundishwa ku kanisa tangu Bukavu. Kushukuru kisha kupata, hata bapagani banafanya. Kushukuru mbele ya kupata, ile njo imani, ile njo inamkamata Mungu mkono.

Basi tukafanya aksyon de gras ya sheria. Cheka sasa. Hapa nakupa ruhusa ucheke. Bantu gani bengine ku dunia hii bamewahi kuchezea sheria ku kanisa, tena sheria yenye haijafa? Na fundi nilikuwa miye. Nilishona korale yote, kikwembe ya manjano na majani ya kijani, mikono ya kufura kama puto. Na weye nilikushonea ya kwako, ulikuwa umeshakuwa msichana, ukakataa mikono ya puto. Tukapita mbele tunacheza, mchele ku kichwa, kuku banapiga kelele, Pasta akaita, "Minyororo imekatika!" Na mi nililia mpaka pudra ikashuka ku shingo. Mungu anihurumie, ilikuwa siku nzuri. Sitasema haikuwa nzuri.

Ile shukrani ingeishia ku kanisa, ingekuwa kicheko tu. Haikuishia. Ukishukuru vile, unatakiwa kuishi kama umeshapata, la sivyo ulikuwa unamdanganya Mungu. Asubuhi yake nikatoa mashini nyuma ya pazia, nikaiweka mlangoni. Nikaandikisha kibao. Papa yako akasema, "Ngoja kidogo, Mama Nsimire, tuone kwanza karatasi ya hiyo sheria." Nikamwambia imani yake ni ya kijiko. Nikakutoa ku masomo ya kambi, kwenye jina yako ilikuwa bado, nikakuingiza ku ile ya Lilongwe, Form Four, na uniformu nikakushonea na mikono yangu, marinda makali yenye yangeweza kukata mtu. Na haikuwa miye peke yangu. Kanisa yote ilitoka nje. Bantu benye balikuwa banajua kujificha vizuri sana bakasimama ku mwanga, na saa bakubwa balipokuja kutukusanya habakuhangaika kututafuta. Ku kwangu jina yangu ilikuwa imeandikwa ku kibao, na rangi nyekundu.

Malori yalikuja asubuhi moja kuturudisha kambini, juu sheria ilikuwa bado ile ile. Ile unaikumbuka kuliko miye, nisikueleze. Nikueleze kitu moja tu. Kijana moja wa bale balitumwa alibeba mashini yangu, akaiweka ndani ya lori polepole, akatia na gunia chini yake ili isigonge. Na mi nikapiga goti barabarani, vile babibi ba hapa banafanya mbele ya mtu wa heshima, nikamwambia, "Zikomo kwambiri, bwana."

Nilimshukuru, Nsimire. Anatoa maisha yangu ku mlango anaitia ku lori, na mi niko chini, goti ku mchanga, nasema zikomo. Zikomo ya nini? Ya gunia! Na we ulikuwa nyuma yangu na uniformu yako, na marinda yako, ukingojea kwenda masomo. Uliona.

Kisha ile shule. Tulipata karatasi ya geti, tukaenda na weye, mi na roho yangu yote imepanguka, kuomba wakuache hata umalize mtihani. Madamu mkubwa wa shule akasema jina yako haiwezi kubaki, mtoto wa kambi asomee kambini, njo sheria. Akakupa barua ya kusema una tabia nzuri. Ulifungua mdomo. Niliona maneno yanakuja, nilijua ni ya ukweli, na nikakukanyaga mguu chini ya meza. "Sema asante madamu." Ukasema. Ile sauti yako ya siku ile naisikia bado nikikanyaga pedali ya mashini.

Bantu ba hapa banafikiri najutia Kauma. Hata! Kauma sijutii hata siku moja. Ningekuwa na njia ningerudi leo, na kibao, na rangi nyekundu zaidi. Niko na kasirani juu ya asante. Zile asante zote zenye tulitoa, mbele, nyuma, kwa goti, kwa korale, kwa kuku, na hakuna hata moja ilitoa msumari moja ku ile geti. Zilifanya tu bakubwa balale vizuri. Mtu akikufungia na unamshukuru, ataona wapi kama amekufungia?

Sasa unaelewa Jumapili? Banataka nipite tena mbele nacheza. Nishukuru nini? Kwamba ulirudia kalasi na batoto badogo? Kwamba ulisomea chuo ku simu yenye kioo imepasuka, umekaa juu ya jiwe kule karibu na mnara juu njo mahali mtandao inakamata? Kwamba mtoto yangu, ili mtu amwite siku moja ku biro na amwambie kaa, kiti yako ni hii, lazima avuke bahari? Ile si zawadi. Ile ilikuwa ya kwako toka mwanzo, balikuwa bameikalia. Mungu anajua mi namshukuru juu yako, namshukuru kila asubuhi na meno bado sijasugua, bila korale, na yeye hajawahi kunikasirikia. Pasta njo amekasirika, juu alishahesabu kuku.

Ile kazi yako ya kule, sikukatazi. Uifanye. Lakini usiicheke haraka. Kila sheria yenye utakamata, uliza kwanza nani alikuwa ndani ya geti. Ule yatima alikuwa na jina. Pengine alisimama pale anaangalia barabara, anaona mikokoteni inapita, na kuko mtu kule nje alikuwa anamngojea, na karatasi haikutoka. Amekufa, ndiyo, geti imeanguka, ndiyo. Lakini alingojea sana hii siku yenye mtu atasema kwa sauti, ku bunge, hii haikuwa sawa, tunaitoa. Imemfikia amechelewa. Basi ukiandika jina ya ile sheria, uandike na mkono mzuri.

Na uangalie vizuri namna banafanya. Nani anaanza. Nani anauliza. Maneno gani yanasemwa ili sheria ife kabisa isifufuke. Sisemi urudi utuokoe, unisikilize hapa. Najua bantu ba kanisa balishaanza kukubebesha, "huyu atakuwa avoka yetu, wakili yetu, huyu atatufungulia." Ule mzigo uutue pale pale ku mlango, usipande nao ndege. Ukitaka kubaki kule, bakia. Olewa, zaa batoto benye hawajui Kiswahili yangu, nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini mtu mwenye ameona na macho yake sheria inakufa, hakuna redio itamfanya tena acheze mbele ya wakati. Ile tu njo naitaka kwako. Ujue inafananaje, ile yenye si ahadi.

Kule batakuambia kila siku una bahati. Batakuambia na kicheko nzuri, na chai, habatakuwa babaya. Utajibu asante. Sema mara moja, na moyo yote, juu nilikulea na adabu. Mara ya pili usiseme. Mara ya pili njo ile goti yangu ya Kauma.

Ona, papa yako amepita sasa hivi. Amepata karatasi yake ya geti ya kesho, ameifunga ndani ya plastiki kama diplomu. Amechungulia hapa akasema, "Bado unaandika? Ile barua itapita kilo za valize zenye ndege inaruhusu." Nikamwambia aende zake. Hakuenda. Amesimama, amekuna kidevu, akasema, "Nenda ukaombe na ya kwako. Biro iko bado wazi. Batakupa, ni mtoto anasafiri."

Nikamwambia siombi. Nikasema mengi, na kwa sauti, jirani bamesikia. Nikasema huyu mtoto nilimzaa bila ruhusa ya mtu, nilimbeba ku mgongo kupita mipaka bila ruhusa ya mtu, na leo niende nipige foleni, nitabasamu, nipewe ruhusa ya kumuaga? Sitaki! Bakae na karatasi yabo!

Papa yako akaniangalia vile anaangaliaga tairi kutafuta tundu. Akasema, "Basi usiombe." Akaenda kupiga pompi ku baiskeli.

Nsimire, toka saa ile sijaandika kitu. Jua imeshuka ku paa ya Mama Riziki na mi niko na hii kalamu mkononi. Usiombe. Mi nilifikiri kuko njia mbili tu, kuomba ao kubaki. Tangu siku ya ile shule sijatoka kambini. Sijaona Mponela, sijaona barabara kubwa, uzi bananiletea, habari bananiletea. Nilikuwa najiambia ile ni heshima yangu, siombi mtu. Na bakubwa, baone! Habakuhitaji hata kuweka askari juu yangu. Nilikuwa najichunga miye mwenyewe, bure, bila mshahara.

Kwa ile njo niko na kasirani kuliko yote. Nilikuwa nimeiandika ile sheria ndani ya mwili yangu, na nilikuwa naifuata vizuri kuliko vile inaandikwa.

Nimeinuka, nimefungua sanduku. Ile robe ya korale, ya manjano na majani ya kijani, unajua nilikuwa naitandika ku meza ya pasi. Mkono moja imeungua. Nimekata mikono yote mbili, zile puto zimeenda, na we ulikuwa na haki toka mwanzo, zilikuwa mbaya. Nimeitia pindo mpya. Imenibana kidogo ku kiuno lakini itafika uwanja ya ndege.

Kesho nitaivaa. Hapana ku kanisa. Nitapanda gari pamoja na weye na papa yako, bila karatasi, nitakaa ku upande ya dirisha. Ku kizuizi cha polisi bakiuliza, we usiseme kitu, na papa yako asianze na Kiingereza yake. Nitajibu miye, na nitajibu nikiwa nimekaa. Nitasema nasindikiza mtoto yangu, basi. Sitasema naomba, sitasema zikomo. Pengine batatuacha tupite, pengine ule askari naye iko na mama. Nikifika, nitakulilia pale mbele ya bantu bote mpaka uone haya, na utapata jibu ya ile swali yako ya kukufukuza ao kukulilia.

Na bakinishusha njiani, we endelea. Usitoke ndani ya gari, usibishane, ndege haingojei mtu. Papa yako akufikishe, karatasi yake iko sawa. We geuka tu, uniangalie ku kioo ya nyuma, mpaka kona ikufiche. Utaona robe ya manjano kando ya barabara.

Uangalie vizuri, Nsimire. Nitakuwa nimesimama.

Mama yako